Sindano Nyumbani kwa Bwana Afya

Nyumbani, tarehe 4 Machi

Mwanangu mpishi,

Salamu unazijua, tusipoteze wino wa watu. Mimi mzima, ila macho ndiyo yaleyale. Huyu mtoto wa jicho amekomaa, sasa naona dunia kama mtu aliyefunikwa shuka jeupe. Kwa hiyo anayeandika hapa ni mkeo, mimi nasema tu. Nimemwambia aandike neno kwa neno, asinipambe wala asinipunguzie, hata pale ninapomsema yeye mwenyewe. (Nimekubali, mume wangu. Yaliyo yangu nitayatia kwenye mabano. Mkeo.)

Shida ni hii: mkeo kaleta paka.

Unajua nyumba hii ina paka tayari. Bwana Afya yupo tangu hujaoa, na jina lake alilipata kihalali. Hakuna sufuria asiyoinusa, hakuna mgeni asiyemkagua viatu, na akikaa pale mlangoni utadhani ataandika faini. Ni mzee, ni mnene, ana heshima zake. Sasa wiki iliyopita mkeo karudi kutoka kwenye ushonaji na kitu ndani ya mfuko wa vitambaa. Nikauliza, hicho kinacholia ni nini? Akasema, ni Sindano, mama. Nikamwambia, tangu lini sindano ikalia?

Kumbe kipaka cha kike, kimekonda, mbavu unazipapasa moja moja. Mimi namwita Kiroboto. Bwana Afya alipomwona alivimba akawa kama mto wa kochi, akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa kiumbe mwenye adabu. Na Kiroboto naye, unadhani alikimbia? Thubutu! Alimfokea mwenye nyumba ndani ya nyumba yake. Wakapigana chini ya meza, wakaangusha birika. (Birika halikuvunjika.) Sijasema limevunjika, nimesema limeangushwa, andika.

Mafahali wawili hawakai zizi moja. (Sindano ni jike, mama.) Basi andika fahali mmoja na jike lenye makucha. Mimi nimefua mashuka ya hospitali maisha yangu yote, sikuwahi kushindwa hata na wodi ya kipindupindu, leo nashindwa na paka wawili. Wewe ndiye mume. Mwambie mkeo amrudishe alikomtoa.

Mama yako

(Mume wangu, usiseme neno haraka. Paka huyu namhitaji. Nitakueleza siku nyingine. Mkeo.)


Kambini, tarehe 15 Machi

Mama yangu, na wewe mke wangu unayemsomea,

Barua imeletwa na lori la mafuta. Dereva wetu Breki aliniletea mwenyewe mpaka jikoni, maana alisikia harufu ya maharage. Huku simu imebaki ya kutazamia saa, mtandao uliishia bondeni. Nimewasomea wenzangu kwa sauti, wamecheka mpaka msimamizi wa barabara akaja kuuliza nani amefukuzwa kazi.

Mama, nimepata mtaalamu. Mlinzi wetu wa ghala amefuga paka tangu utotoni, na anasema kosa lenu ni kuwakutanisha uso kwa uso siku ya kwanza. Paka hatambulishwi kwa macho, anatambulishwa kwa pua. Mgeni akae chumba chake, mlango umefungwa, awe na bakuli lake na beseni lake la mchanga. Halafu mchukue kitambaa alicholalia mgeni mkiweke anapolala mwenyeji, na cha mwenyeji mkipeleke kwa mgeni, wazoeane harufu. Wakishazoea, wale chakula kila mmoja upande wake wa mlango, ili akisikia harufu ya mwenzake akumbuke kushiba. Mwisho ndipo mfungue, kwanza upenyo wa kidole, halafu wa ngumi. Anasema ukiufungua mlango wote kwa mara moja umeharibu, unaanza upya. Kwa hiyo mama, sijasema arudishwe. Mwanamume aliye mbali anaamuru nini? Tujaribu kwanza.

Sasa habari kubwa. Mke wangu, nisamehe, nimewaambia. Tulikubaliana nisiseme mpaka mimba ikomae, lakini juzi nikigawa chakula mdomo ukaniponyoka: "Mke wangu ana mimba." Basi! Kambi nzima. Siku hizi mtu akija na sahani yake asubuhi hata haniulizi kama chai ina sukari. Ananiuliza, "Mtoto anaendeleaje?" Nasema anaendelea vizuri, namwongezea mkate. Na kuna mbao zilizobaki za kumwagia zege. Seremala kaniazima randa, nikimaliza kuosha masufuria natengeneza kitanda kidogo. Usicheke, miguu bado haijalingana.

Mwanao, mumeo


Nyumbani, tarehe 24 Machi

Dada,

Hii ni ya kwako peke yako. Ukishaisoma ichane.

Mimba imetoka. Ilitoka mwishoni mwa mwezi uliopita, siku ile niliyokuambia nina mafua. Nilikuwa kazini nakata sare za shule, mkasi mkononi. Zahanati walinipokea vizuri, muuguzi akanishika bega akasema hutokea, si kosa lako. Najua si kosa langu, dada. Kujua hakunisaidii kitu.

Nikarudi kwenye ushonaji kuchukua mkoba, maana sikujua niende wapi kwingine. Chini ya meza ya kukatia, juu ya vipande vya vitambaa, kulikuwa na kipaka kimejikunja. Fundi mkuu akasema kitupwe nje. Sikuweza. Siku ile nisingeweza kuona kitu chochote kikitupwa. Nikakitia kwenye mfuko nikaja nacho nyumbani.

Mama mkwe hajui kwamba imetoka. Macho yake unayajua, na mimba changa ile hata mwenye macho asingeiona. Shuka nililolalia usiku ule nililiweka kwenye ndoo chini ya sinki, nikalifunika, nikalisahau. Kesho yake nililikuta kambani, jeupe. Nadhani nililisuuza mwenyewe bila akili zangu. Siku zile nilikuwa natembea tu.

Sasa mume wangu kaandika kwamba ameiambia kambi nzima. Anatengeneza kitanda. Barua hiyo nimemsomea mama kwa sauti, kila neno, mpaka hiyo miguu isiyolingana. Mama akasema tu, "Lete beseni tumtilie huyo Kiroboto mchanga."

Nimwambie vipi? Barua itamkuta na mwiko mkononi mbele ya watu wote wale. Kuja hawezi, mkataba wake ni mpaka barabara iishe. Atafanya nini zaidi ya kukaa huko na maumivu? Kila siku nasema kesho, na kila kesho kitanda kinakaribia kwisha.

Paka tumewatenganisha, mmoja chumbani kwangu, mmoja sebuleni, wanafokeana chini ya mlango. Mama anasema mgeni akishindikana aondoke. Nikimfikiria ameondoka, dada, nahisi kama nitarudi tena pale zahanati. Yeye ndiye kitu pekee nilichotoka nacho siku ile.

Mdogo wako


Nyumbani, tarehe 2 Aprili

Mwanangu mpishi,

Huyo mtaalamu wako wa ghala mwambie aje afanye mwenyewe.

Chumba tumetenga. Beseni tumeweka. Tukaja kwenye vitambaa. Nilichukua kile anacholalia Bwana Afya, kile kipande cha blanketi langu la zamani, nikampelekea Kiroboto. Akakikojolea. (Alikojoa pembeni yake, mama.) Pembeni ndiyo wapi? Kitambaa kina pembe nne, na zote zimelowa.

Kisha nikamwambia mkeo anipe kile cha Kiroboto. Akachelewa kunipa. Nikakipapasa. Kitambaa laini, cheupe nadhani, kina mikono miwili midogo na shingo. (Ni sampuli ya kazini tu.) Sijauliza. Andika: mama hajauliza. Nikakiweka kwenye kiti cha Bwana Afya. Akakinusa, akakizunguka, akakikanyagakanyaga kama mtu anayekanda unga, halafu akakaa juu yake na hataki kutoka. Hata kula analetewa pale pale. Kwa hiyo mzee wa watu kakubali, mhuni ni yule mgeni.

Jambo la pili. Mkeo hali. (Nakula.) Hali. Macho yangu yana ukungu, masikio hayana. Kijiko chake nakisikia, kinagonga sahani mara mbili kimetulia. Nampikia supu, ananishukuru vizuri sana, halafu nasikia Kiroboto anailamba huko chumbani. Jumapili nilimwambia alale nifue mimi, akakataa, akafua mpaka mapazia ambayo hayakuwa machafu. (Yalikuwa na vumbi.) Yalikuwa masafi, mimi ndiye niliyeyafua wiki ile ile.

Kiroboto bado simtaki. Ana makelele, ana kiburi, na anakwaruza mlango mpya. Hilo liandikwe. (Limeandikwa. Lakini mlango si mpya, mama, ulikuwepo kabla sijaolewa. Na hakwaruzi, anabisha hodi. Anataka kutoka amwone mwenzake. Wewe ukifungiwa chumbani usingebisha?) Umemsikia? Ndivyo anavyonijibu siku hizi.

Mama yako


Kambini, tarehe 10 Aprili

Mke wangu,

Hii nimeifunga kwenye bahasha yako mwenyewe. Ile fupi ya salamu ndiyo ya kumsomea mama.

Jana nilikwenda kwa tabibu wa kambi kufungwa kidole, nilijikata na kisu cha vitunguu. Nikamhadithia habari za Sindano ili acheke. Hakucheka. Akaniuliza, "Mkeo si mjamzito?" Akaniambia mavi ya paka huwa na vijidudu ambavyo mtu mzima havimsumbui, ila vikimpata mwenye mimba vinaweza kumdhuru mtoto tumboni, macho yake, hata ubongo. Na paka mdogo wa kuokotwa ndiye wa hatari zaidi.

Nimekaa na maneno hayo tangu jana. Wali wa mchana niliutia chumvi mara mbili.

Tafadhali, mtoe. Najua niliandika kwamba mume aliye mbali haamuru. Sasa naamuru, au naomba, chagua neno utakalolipenda. Paka wako wengi duniani, mke wangu. Huyo mtoto ni mmoja.

Kitanda kimelingana miguu. Nimekipiga msasa mpaka ukipitisha soksi hainasi popote.

Mumeo


Nyumbani, tarehe 16 Aprili

Mume wangu,

Nimesoma. Usiogope, beseni la mchanga mimi siligusi, mama ndiye analisafisha. Hataki hata nilisogelee. Sikumwomba. Siku moja tu alilichukua akasema hii ndiyo kazi yake, amezoea vya wodini.

Nikueleze tulipofika, ili umjue huyo unayemfukuza. Sasa wanakula upande na upande wa mlango. Mwanzoni Bwana Afya alikuwa anakula tonge moja, anaupiga mlango kofi, anarudi kwenye bakuli. Juzi tukafungua upenyo wa kidole. Sindano akapitisha mkono wake chini, akaipapasa sakafu kama mtu anayetafuta kifungo kilichodondoka. Bwana Afya akautazama ule mkono. Mama akaniuliza, "Wanafanya nini?" Nikamwambia, mmoja kanyoosha mkono, mwingine anaufikiria. Mama akacheka, mume wangu. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu macho yalipoanza.

Tukimtoa sasa, yote haya yamekwenda bure.

Kuna jambo nataka kukuambia. Nimeanza barua tatu, nikifika pale kalamu inagoma, ninazikunja nampa Sindano azichezee. Sio kwamba sikuamini. Nikikuambia, wewe utakuwa wapi? Utakuwa huko.

Niachie paka. Sijawahi kukuomba kitu kingine kwa namna hii.

Mkeo


Kambini, tarehe 24 Aprili

Mke wangu,

Breki anashuka wiki hii kupakia mafuta. Atapita nyumbani. Anakuletea kitanda, na atarudi na Sindano kwenye kreti la vitunguu. Nimelitoboa matundu, nimemwekea gunia chini. Mlinzi wa ghala atamtunza hapa, na mtoto akishazaliwa akapata nguvu, nitamrudisha mwenyewe mikononi mwako. Nakuahidi.

Najua utakasirika. Kasirika. Lakini nifikirie na mimi. Tumbo linakua silioni. Ukitapika siko, ukibeba ndoo siko, mama anasema huli, nami hapa nalisha wanaume mia wenye afya zao. Sina ninachoweza kukufanyia, hata kimoja. Hili moja ndilo linalofika mikono yangu. Niachie nilifanye.

Mumeo


Nyumbani, tarehe 2 Mei

Mwanangu mpishi,

Breki alikuja. Kashusha kitanda sebuleni, akasema mama, nimeagizwa nichukue paka, kwa ajili ya mtoto. Akanieleza na habari za tabibu. Nikamuuliza, na Bwana Afya je, yeye ananya uturi? Hilo hakuagizwa.

Mkeo aliinuka. (Niliinuka.) Nikasikia akienda chumbani. Nikasikia akirudi. Nikasikia kreti likifunguliwa, na Kiroboto akilia ndani yake, na kifuniko kikifungwa. Kamweka mwenyewe, kwa mikono yake. Mlango wa chumbani akauacha wazi, wazi kabisa, maana wa nini tena kuufunga?

Basi Bwana Afya akateremka kitini. Kreti geni limeingia nyumbani kwake na hajalikagua. Akalinusa upande huu, akalinusa upande ule, kisha akapanda juu ya kifuniko akakaa. Breki anasema shuka mzee, mzee hashuki. Usidhani ni mapenzi, ndiyo kazi yake. Lakini alivyokaa tu, mkeo akaanguka chini pale pale sakafuni akalia kilio ambacho mimi nakijua, nimekisikia miaka na miaka kikipenya kwenye kuta za hospitali. Breki wa watu akatoka nje akasimama kwenye jua.

Sasa andika, binti yangu. Mwanangu, hapa nyumbani hakuna

Kalamu ameiweka. Naandika mwenyewe. Mistari ikipanda ukutani usinicheke. Mkono huu ulikuwa unaandika namba za wodi kwenye mashuka kwa wino usiofutika, haujasahau.

Mtoto hayupo, baba. Alitoka kabla paka hajaingia.

Mkeo hakuniambia. Shuka ndilo liliniambia. Alikuwa ameliloweka kwenye maji ya moto, maskini, na damu haifuliwi kwa maji ya moto, inaganda. Pua yangu haina ukungu. Nililitoa kwenye ndoo nikalifua kwa maji baridi na chumvi, nikalianika, nikanyamaza. Nikasema atasema mwenyewe. Hakusema. Kuna methali ya watu wanaoficha, ilinijia mpaka kwenye ulimi, nikaimeza, maana inataja kuzaa.

Siku zote zile alikuwa kimya kama ukuta. Alikuwa anapata sauti nikimsema paka wake tu. Hapo ananijibu, anabisha, anajaza mabano. Basi nikaendelea kumsema huyo paka kila siku ili nimsikie yupo. Mimi sina ugomvi naye. Anaitwa Sindano.

Barua zako nilisomewa, nikasikia sauti yake inavyopita juu ya kile kitanda bila kutetemeka, nikasema huyu mtoto atapasuka. Hizo za bahasha yake sikuzijua. Ningezijua ningeandika mapema. Hilo linaniuma.

Sasa yuko pembeni yangu analia. Simwoni, namsikia. Sindano yuko mapajani pake. Nimemshika mguu, maana ndio ulio karibu. Siwezi kumfanyia kitu. Wewe huko huwezi. Yeye mwenyewe hajiwezi. Tuko watatu, hakuna anayeweza, ila sasa angalau tunajua wote.

Breki nimempa chai. Amerudi na kreti tupu.

Mama yako


Kambini, tarehe 15 Mei

Mke wangu,

Mvua imechukua daraja. Breki amefika ng'ambo, barua zimevushwa kwa kamba, na hii nitaivusha hivyo hivyo. Niliomba ruhusa nije. Msimamizi akanionyesha mto. Nilisimama pale ukingoni na begi langu mpaka likalowa, nikarudi jikoni.

Nimeichukua barua ya mama nikaenda nayo nyuma ya ghala, nikaisoma, mistari ikipanda na kushuka, na nilipofika pale nilidhani nimesoma vibaya kwa sababu ya mwandiko. Nikairudia. Sikuwa nimesoma vibaya.

Nilikutumia kitanda. Nilikutumia kreti. Mungu wangu. Na wewe ukamweka mwenyewe ndani.

Kama kile kitanda kinakuumiza, kivunje kiwe kuni. Mbao zake kavu, zitawaka vizuri.

Nikuambie jambo la aibu. Asubuhi ya pili yake wamekuja na sahani zao. Wa kwanza akaniuliza, "Mtoto anaendeleaje?" Nikafungua mdomo. Wote wale wamepanga mstari nyuma yake, wanatabasamu, wamelowa. Nikasema, "Anaendelea vizuri." Nikamwongezea mkate. Na wa pili hivyo hivyo, na wa tatu. Kila asubuhi nasema kesho nitawaambia. Nilikuwa nimeanza kukukasirikia, kwa nini ulinificha muda wote huo. Sasa nimejua inavyokuwa. Huwezi, basi tu.

Nisaidie. Uliwezaje kuamka?

Mumeo


Nyumbani, tarehe 29 Mei

Mume wangu,

Sikuweza. Niliamka kwa sababu kuna mtu alikuwa anabisha hodi mlangoni akitaka bakuli lake. Ndivyo ilivyokuwa, hakuna siri nyingine.

Nimelia sana tangu siku ile, na bado nalia, wakati mwingine katikati ya pindo la sketi ya mtu. Lakini naila supu. (Nusu bakuli. Mama.) Mama amegundua mabano, na kalamu hairudishi.

Kitanda hatukukivunja. Nilitaka. Nilikwenda kuchukua shoka, nikarudi nikakuta Bwana Afya amelala ndani, kakijaza chote, mkia unaning'inia nje. Kile kigauni cheupe amekivuta kutoka kwenye kiti chake akaingia nacho. Sikuwa na nguvu ya kumtoa. Nikaliweka shoka chini, nikakaa.

Tangu siku ya kreti mlango haujafungwa tena. Tulidhani wataanza upya kama alivyosema mlinzi, na kweli wamepigana, pazia moja limekwenda. Lakini jana Sindano alikwenda mpaka kwenye kitanda, akaweka mikono yake ukingoni, akachungulia. Bwana Afya akampiga kofi moja la kichwa, bila kucha. Sindano hakuondoka. Akasubiri. Basi yule mzee akahema, nakuambia nilimsikia akihema, akasogea kidogo. (Amesogea sana. Mimi ndiye niliyepapasa nafasi. Mama.) Sindano akaingia. Wamelala mgongo kwa mgongo, kila mmoja amenuna. Sio marafiki. Wako pamoja tu.

Nami nimeshindwa kukikasirikia kitanda chako. Kimepigwa msasa vizuri, soksi hainasi.

Hao wanaokuuliza asubuhi, usiwaambie wote. Hutaweza, na mimi nisingeweza. Mfuate mlinzi wa ghala, yeye peke yake, mwambie yeye. Kesho kutwa mwambie Breki. Wewe mwenyewe ndiye uliyetuandikia kwamba mlango unafunguliwa upenyo wa kidole kwanza.

Mkeo